Mahali Peupe kwenye Ramani

Tarehe 9 Januari

Wifi yangu,

Nakuandikia kwa sababu simu imenishinda. Juzi uliponipigia nilisikia neno "viazi" na neno "matundu", na katikati yake nikasikia kama mvua inapiga bati. Mteja niliyekuwa nampima akanishikia simu, akaanza kunieleza kwa kupiga kelele, hadi jirani akatoka nje kuuliza nani anagombana. Basi tuandikiane. Karatasi haihitaji masikio.

Kama nilielewa vizuri, mnunuzi amekataa karibu mzigo wote. Viazi vimetobolewa kama kwa msumari, na ukivipasua unakuta mabuu meupe yamejikunja ndani. Na huu ni msimu wa pili.

Sasa nisikilize. Shamba lile baba alituachia mimi na kaka yangu. Kaka ametangulia, na nyinyi hamkujaliwa mtoto, kwa hiyo tumebaki mimi na wewe wa kulisemea. Mimi nimeshazungumza na yule mpiga dawa mwenye trekta. Anasema atamwaga dawa shamba zima, kutoka uzio hadi uzio, iingie ardhini iue kila kinachotambaa, kabla ya mvua za kupandia. Samaki mmoja akioza wote wameoza, wifi. Hatuna cha kuchagua.

Na kama hutaki, tumkodishe yeye alilime, wewe uje ukae kwangu. Chumba cha nyuma kina vitambaa tu, na vitambaa vinahamishika.

Usinijibu kwa hasira. Nijibu kwa wino.

Wifi yako,
fundi cherehani, kiziwi nusu

*

Tarehe 17 Januari

Wifi yangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha jiko. Nikacheka nilipofika kwa jirani, halafu nikaacha kucheka.

Uliyosikia ni kweli yote. Mnunuzi alikuwa mpole, hilo nimshukuru. Alipasua kiazi kimoja, akakitazama, akakirudisha kwenye gunia taratibu kama mtu anayemfunika mtoto. Akasema, "Mama, hivi kwa kweli siwezi."

Nakuomba jambo moja kabla ya trekta. Kisima kiko chini ya shamba, unakijua, ndoo uliyoidondosha humo utotoni kaka yako alinisimulia mara nyingi kuliko ambavyo ungependa. Maji yote yanayopita kwenye udongo ule huteremka kule, na mimi ndiyo ninayokunywa. Tena udongo wetu bado una minyoo, wale wekundu wanaolainisha ardhi. Kaka yako akimfukua mnyoo kwa jembe alikuwa anamwambia "samahani, bwana," na kumsogeza pembeni kwa kidole. Dawa ya trekta haimtofautishi mnyoo na buu.

Ofisi ya kilimo imetuletea mpimaji, binti wa watu, bado mdogo. Kazi yake ni kuchora ramani ya wadudu wa udongo: wamejaa wapi, wapo wachache wapi, na wapi hawapo kabisa. Ukishajua walipo, dawa unaiweka hapo tu. Majirani wa juu amewapimia tayari. Wanamwita Bibi Chekeche kwa sababu hatembei bila chekeche. Nilimwuliza kama ni kweli mabuu hayako kila mahali. Akasema, "Mama, wadudu ni kama watu kwenye shughuli. Hukuti wamejipanga sawasawa ukumbi mzima. Wanasongamana penye sahani."

Nipe muda hadi mvua zikaribie. Ramani yake isipotosha, mwite mwenye trekta, na sitasema neno.

Ameniomba pia vitambaa vya kufunga kwenye vijiti vyake, vionekane kwa mbali. Nani mwingine nimwombe vitambaa?

Kuhusu chumba cha nyuma, asante sana. Lakini usingizi wangu umeshazoea hapa.

Wifi yako,
mjane wa kaka yako

*

Tarehe 26 Januari

Wifi,

Ile ndoo ilianguka yenyewe. Kaka yangu alikufa akiwa bado ananisingizia, na tukikutana huko aliko tutalimaliza.

Haya, nimekubali. Vitambaa hivyo nakutumia. Cha manjano ni cha gauni la mwalimu mkuu, ambaye alinenepa kabla halijaisha, na mimi ndiye niliyelaumiwa. Chekundu usiulize ni cha nani. Cha buluu ni cha shati la mtu aliyetaka kumpendeza mtu, hakufanikiwa, wala hakurudi kulichukua. Vijiti vyako vitapendeza kuliko wanadamu.

Lakini sikiliza sharti langu. Mvua zikianza kutishia na hakuna jibu la kueleweka, trekta linaingia. Na ramani yenyewe iwe nzima. Mimi ni fundi, najua nguo iliyokatwa nusu si nguo. Asije binti wa watu akapima pale penye kivuli, akaacha penye jua, kisha akaniambia kapima shamba.

Na wewe kula. Watu waliopita huko wananiambia umekonda hadi kitenge kinakuzunguka mara mbili na nusu. Hiyo nusu ndiyo inayonitia wasiwasi.

Wifi yako, fundi

*

Tarehe 20 Februari

Wifi yangu,

Amemaliza. Natamani ungekuwepo uone mtu anavyofanya kazi.

Siku ya kwanza hakuchimba kabisa. Alitembea tu na kile kifaa chake mkononi, kinachozungumza na satelaiti, akachomeka vijiti kwa mistari shamba zima. Kila kimoja akakifunga kitambaa, na shamba likawa kama kamba ya kuanikia ya mtu mwenye watoto wengi. Mwalimu mkuu wako alikuwa anapepea karibu na lango.

Siku zilizofuata akawa anachimba. Kwenye kila kijiti anakata shimo la mraba, pembe zake zimenyooka kama za sanduku. Udongo wa juu anauweka kwenye turubai upande mmoja, wa chini upande mwingine, halafu anauchekecha wote kwa mkono. Mabuu yakibaki kwenye chekeche anayahesabu kwa sauti, anayatazama kwa kioo cha kukuzia alichokivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, anaandika kwa penseli. Kisha anarudisha udongo, wa chini kwanza, wa juu mwisho, na kuushindilia kidogo kwa kiganja. Nikamwuliza kwa nini anajisumbua, wakati ni shimo tu. Akasema, "Minyoo ya juu haipendi kuamkia chini, Mama." Wifi, nilibaki nimesimama na birika la chai mkononi. Nilidhani mtu aliyekuwa akiwajali minyoo amekwisha kuzikwa.

Anapiga magoti juu ya kipande cha godoro kilichochakaa. Kuku wamemfuata siku zote kama wanafunzi, wanataka mabuu, naye anawafukuza: "Ngojeni! Hamjaandikwa!" Akishahesabu ndipo anawamwagia. Jogoo wetu amenenepa kwa ajili ya sayansi.

Ameniambia mabuu haya ni watoto wa mbawakawa, wale wa kahawia wanaogonga taa mvua zikianza. Mama mtu hutaga ardhini na kuruka zake. Mtoto hukaa chini anakula mizizi, na akikuta kiazi, hamhitaji tena mama. Alieleza hivyo bila chuki yoyote. Nilipenda jinsi alivyomheshimu hata adui.

Ulisema apime kila mahali. Amepima. Vijiti vichache vililazwa na upepo, nikavisimamisha mimi mwenyewe, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Ramani yako atakutumia moja kwa moja. Nakula. Hata jana nilikula.

Wifi yako,
mjane wa kaka yako

*

Tarehe 6 Machi

Mama,

Shikamoo. Hii ndiyo ramani ya shamba lako. Nakala nyingine nimeituma leo kwa wifi yako kama ulivyoniagiza.

Rangi nyekundu ni mahali mabuu yalipojaa. Njano ni mahali yalipo machache. Kijani ni mahali ambapo sikukuta hata moja. Utaona sehemu kubwa ya shamba ni kijani, na upande wote wa kisima ni kijani tupu. Hiyo ni habari njema, na ni kubwa.

Nyekundu imekaa sehemu moja, karibu na uzio wa juu, imezunguka kama pete. Katikati ya pete pamebaki peupe. Peupe maana yake sijui. Kompyuta ilitaka kunikisia rangi ya kujazia, sikuikubalia. Mahali nisipochimba sipaki.

Mama, naomba niseme jambo hili kwa adabu. Kifaa changu kinakumbuka nilipochomeka kila kijiti. Niliporudi kuchimba, vijiti vya pale vilikuwa vimehama, vimesimama kwenye udongo laini nje ya yale majani marefu. Vitambaa vyake vilikuwa vimefungwa upya, kwa fundo zuri kuliko langu. Upepo haufungi fundo.

Sikukuuliza siku ile. Nilichimba vilipokuwa, kwa kuwa shamba ni lako na mtu huwa na sababu zake. Niliyaona yale majani na lile tuta lililokatikia njiani, nikapita mbali.

Lakini nisipokwambia nitakuwa sijakutendea haki. Mbawakawa hupenda kutaga kwenye majani yasiyoguswa. Nadhani mabuu yanatoka pale na kusambaa kwenye viazi vilivyo jirani. Nadhani tu, sina hakika, na bila kuwa na hakika siwezi kumwambia mtu aweke dawa hapa na aache kule. Mwenye trekta ataniuliza, nami sitakuwa na jibu.

Nitapita huko tena mwisho wa mwezi. Ukisema nisichimbe, sitachimba. Ramani itabaki kama ilivyo, na sitamweleza mtu yeyote kwa nini.

Wako,
mpimaji wa udongo
(Bibi Chekeche, najua mnavyoniita)

*

Tarehe 10 Machi

Wifi!

Ramani imefika. Nimeitandaza juu ya meza ya kukatia, nikaibana kwa mkasi isijikunje. Sikutegemea iwe nzuri hivi. Mteja aliingia akadhani ni kitambaa kipya, akauliza kama kinapungua kikifuliwa.

Namwomba radhi binti wa watu. Nilidhani ataniletea mistari na namba, kumbe kaniletea shamba lenyewe. Nimeliona lango, nimekiona kisima, nimeona mahali tulipokuwa tunajificha tusitumwe. Na ule ukijani wote! Nilikuwa tayari kuumwagia sumu ukijani wote ule, wifi, kwa ajili ya pembe moja. Nimemwandikia mwenye trekta asubiri kwanza.

Lakini kilichonifanya nikuandikie mbio ni hiki. Angalia ile pete nyekundu, kule juu karibu na uzio. Katikati pana mahali peupe pee, safi kama shuka la hospitali. Mabuu yamezunguka pande zote, yakashindwa kuingia! Kaka yangu aliwafanyia nini pale? Lazima aliweka majivu, au mbolea iliyooza sawasawa, au ni ule mkono wake tu. Unakumbuka alivyokuwa na mkono. Alichomeka fimbo ya kufukuzia kuku ikachipua.

Nilikaa kwenye kiti nikalia kidogo. Nikasema, kaka amekufa, na bado kuna mahali anatulindia.

Basi viazi vya mbegu vyote pandia pale peupe. Na udongo wake chota kidogo, usambaze kwingine, nasi tupate baraka yake shamba zima.

Wifi yako mwenye furaha,
fundi

*

Tarehe 16 Machi

Wifi yangu,

Usichukue udongo wa pale. Usimwambie mtu auchukue. Ngoja nikueleze, na naomba usome hadi mwisho kabla hujanikasirikia.

Peupe si pasafi. Peupe ni mahali ambapo mpimaji hakuchimba, kwa sababu mimi sikumwacha achimbe. Upepo haukulaza kijiti chochote. Nilivihamisha mimi alipoondoka, nikavifunga upya, nikaja kukuandikia habari za upepo.

Kaka yako aliangukia pale.

Nyote mliambiwa amefia shambani, na ni kweli. Hakuna aliyeuliza ni sehemu gani, na mimi sikusema. Alikuwa anainua matuta ya juu asubuhi ile. Nilimpelekea chai. Alikuwa akipiga mluzi kila jembe linapoinuka, na jembe likishuka anakata, kwa hiyo hata nikiwa jikoni nilikuwa najua kazi inakwenda kasi gani. Siku ile mluzi ulikoma, nikadhani ameniona nakuja na kikombe. Alikuwa amelala ubavu, jembe lipo mbele yake, tuta limefika katikati. Yaliyofuata unayajua.

Vibarua walipokuja kumalizia matuta niliwaambia pale wapaache. Walidhani ni kwa siku chache. Msimu ukapita, majani yakaota, na msimu mwingine ukapita. Nikawa nawaelekeza watu wazunguke. Kama mtu akiliuliza lile tuta, nilimwambia pana mawe. Nilikuwa naona kwamba madhali tuta halijaisha, kazi yake bado inaendelea, na mwenye kazi ametoka kidogo tu.

Mpimaji ameniandikia. Anadhani mabuu yote yanatoka pale, kwenye majani niliyokataza yakatwe. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwangu mimi kifo kilitangulia, maradhi yakafuata. Nimewalea kwa mikono yangu, wifi, nimewazungushia uzio wa vitisho na mawe ya uongo, wakanenepa, wakatoka kwenda kula shamba la kaka yako.

Angeweza kunifedhehesha. Alijua tangu siku ile, na kifaa chake kina ushahidi, nami nilimsimamia na birika langu la chai kama mwema. Alichimba nilipomdanganya, akarudisha udongo vizuri vile vile. Kisha mahali pale akapaacha peupe, hakutaka hata mashine ipakisie. Nimesoma hadi darasa la saba tu na sijakutana na wasomi wengi, lakini huyu akili yake imekaa pamoja na huruma.

Atapita mwisho wa mwezi. Bila pale kuchimbwa ramani haijakamilika, na sharti lako unalikumbuka. Trekta litaingia, kisima kitaingiliwa, na mimi ndiye nitakayekuwa nimelileta.

Shamba ni letu wote, lakini si hilo ninaloliomba. Alikuwa kaka yako kabla hajawa mume wangu. Siwezi kuweka jembe pale bila wewe kunipa neno.

Mke wa kaka yako

*

Tarehe 22 Machi

Chimba.

Nimekaa na barua yako tangu ilipofika, sikushona kitu. Mwanzo nilikasirika. Nilikuja mazishini, nikakatiza shamba lile na mzigo kichwani, labda nilipita pale pale alipoangukia, na hukuniambia. Halafu nikakumbuka kwamba sikukuuliza. Niliuliza sanda iko wapi, wageni watalala wapi, nani anapika. Wapi alianguka, sikuuliza. Niliogopa kujua, nikakuachia wewe peke yako kujua. Kwa hiyo hasira nimeigawa mbili, na fungu langu ndilo kubwa.

Nikwambie kitu kuhusu mumeo ambacho hukukikuta, maana ulimpata akiwa mtu mzima. Aliwahi kurudi kutoka njia ya shule ili amalizie kufagia pembe moja ya ua. Mama akamwuliza, "Wewe, huna akili? Kengele imeshalia!" Akasema, "Pembe ilikuwa inaniita." Akapigwa nyumbani kwa kurudi, akapigwa shuleni kwa kuchelewa, na jioni akawa anatuonyesha ile pembe.

Yule si mtu wa kuachiwa tuta nusu kwa heshima. Angekuuliza unamngoja nani.

Chimbeni, wifi. Mwambie binti wa watu ni mimi niliyesema. Na siku hiyo ule kwanza.

Dada wa mumeo

*

Tarehe 2 Aprili

Wifi yangu,

Tumechimba.

Alikuja asubuhi na chekeche lake na kile kipande cha godoro. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza mambo mengi. Nikamwambia tu, "Mume wangu aliishia hapa." Hakusema pole kwa haraka kama watu wanavyoitupa. Aliweka vyombo chini, akatazama tuta kutoka mwanzo hadi lilipokatika, akauliza, "Alianzia upande gani?" Nikamwambia upande wa uzio. Akasema, "Basi nasi tuanzie huko, twende alikokuwa anakwenda."

Majani niliyakata mimi. Alitaka kunisaidia, nikamwambia haya ni yangu.

Shimo la kwanza alipolikata, udongo ulikuwa unasogea wenyewe. Mabuu yalikuwa kama punje za mahindi zilizomwagika, ila zina vichwa. Alianza kuhesabu kwa sauti, halafu sauti ikapungua, halafu akawa anaandika tu. Hakuniambia "nilijua." Nilimtazama usoni nikilisubiri neno hilo, halikuja. Alichosema ni, "Mama, sasa naweza kukutetea mbele ya trekta."

Nilidhani nikifika mahali penyewe nitakuta kitu, sijui kitu gani. Udongo ulikuwa udongo. Ulikuwa na mizizi, mabuu, na kipande cha kigae cha bakuli ambalo hata silikumbuki. Nilipiga magoti nikaushika, ukapita kati ya vidole kama udongo mwingine wowote. Nilichokuwa nakilinda muda wote ule, wifi, ni majani. Nililia, naye akashika kioo chake akajifanya anatafuta kitu kwenye chekeche hadi nilipomaliza. Kisha akanikalisha kwenye godoro lake, yeye akakaa chini.

Tuliugeuza udongo wote wa ndani ya pete na kuuacha wazi kwenye jua. Ndege weupe wakateremka, kuku wakaja, naye akawainamia: "Haya, sasa mmeandikwa." Nilicheka kwa sauti. Nilishtuka kujisikia.

Dawa aliiweka baadaye, mwenyewe, akiwa na glavu na kitambaa puani, kwa kipimo kidogo kama cha chumvi. Aliiweka kwenye pete na ndani ya pete, basi. Shamba lililobaki halikuguswa hata chembe. Kule kwenye kisima alinipeleka kwa makusudi, akateka maji, akanywa mbele yangu. Viazi haviruhusiwi pale juu msimu huu. Mwakani atarudi kuchimba tena aone kama tumewashinda, maana anasema ramani ya wadudu huzeeka upesi kuliko ya barabara.

Alipoondoka nilichukua jembe, nikalivuta lile tuta hadi mwisho. Halikunyooka kama lake. Kuanzia alipoachia unaona kabisa mkono umebadilika. Litakaa tupu msimu huu, kwa amri ya Chekeche, lakini limeisha.

Mawingu yamejikusanya. Sasa neno la mwisho ni lako, la trekta au la jembe. Mbegu nimeziweka tayari kwenye makapu, ila sijapanda hata moja.

Wifi yako

*

Tarehe 9 Aprili

Wifi,

Panda. Najua mvua huenda zikaitangulia barua hii, basi kama umekwisha kupanda, umefanya vizuri.

Mwenye trekta nimemjibu. Alikuja mwenyewe hadi dukani kunishawishi, akasema eti dawa kidogo ni kujidanganya, shamba huoshwa zima kama nguo. Nikamwambia, kijana, mimi ni fundi miaka yote hii. Gauni likiingia doa la wino, halitumbukizwi lote kwenye dawa ya doa, litatoka huko limekuwa tambara. Unatafuta doa, unalijua lilipo, unalishughulikia hilo. Akaniambia wino na wadudu ni vitu viwili. Nikamwambia sikumsikia. Uziwi una faida zake.

Ramani mpya nimeipata. Pale katikati pamepakwa nyekundu iliyokolea kuliko nyingine zote. Niliitazama muda mrefu. Nilidhani itaniuma kuliko ile nyeupe, na haikuniuma. Msalimie sana huyo binti, mwambie akipita mjini aje nimshonee suti ya kazi yenye mifuko ya kutosha, na magotini nimwekee kitambaa maradufu, asitembee na godoro la watu.

Na mimi niseme langu, maana wewe umesema lako. Trekta halikuwa la mabuu peke yake. Nilitaka utoke pale. Niliona shamba linakumaliza, nikasema likimwagiwa sumu au likikodishwa, utakosa cha kukushikilia, utakuja chumba cha nyuma nikutazame ukila. Nilikuwa nakuonea huruma. Nilipoisoma barua yako, ulivyoanzia upande wa uzio, kisha ukashika jembe, huruma ikaniisha. Mimi nisingeweza, wifi. Kilichobaki ni heshima, na heshima sijui kuiandika vizuri, kwa hiyo naisema hivi hivi.

Shamba lilime. Lipande, lipumzishe, liite wapimaji, lifukuze matrekta, wewe ndiye unayelijua kila pembe. Usiniombe ruhusa tena.

Mimi ndiye nitakayeomba. Kazi zikipungua nataka kuja. Nikifika langoni nitasimama hapo hapo, nikungoje unishike mkono uniambie nikanyage wapi.

Wifi yako